Taya, Pumzi na Usingizi

Chimbuko la utata

Mtu akoromaye, akiamua leo kutafuta dawa, hupokewa na washauri wanne wasiopatana. Mwenye duka la dawa humpa kijifaa cha plastiki cha kulainishwa kwa maji ya moto na kuumwa kwa meno kikapata umbo. Tabibu wa pua, masikio na koo humweleza habari za kukata kilimi na kupunguza nyama za kaakaa. Tabibu wa mapafu humwandikia mashine ya kupuliza hewa, ambayo atalala nayo kila usiku maadamu yu hai. Na daktari wa meno, ambaye hapo zamani hakuna aliyemdhania kuwa na neno katika jambo hili, naye amejitokeza akisema kwamba asili ya maradhi ni taya na ulimi, na vyote viwili vimo katika milki yake. Hakuna kati yao aliye mwongo. Walakini kila mmoja anaeleza upande ule anaoujua yeye, na mgonjwa hurudi kwake na rai nne mkononi, asijue aanze na ipi.

Utata huu umezidishwa na mazoea ya kuufanyia mzaha mkoromo. Katika nyumba nyingi baba akoromaye husemwa kuwa amelala fofofo, amechoka na kazi, au ameshiba. Kumbe yamkini ndiye aliyekosa usingizi kuliko wote waliomo nyumbani, pamoja na mkewe aliye kando yake. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, hukatika pumzi usingizini kwa kiasi cha kuhesabiwa ugonjwa, na kwamba milioni 425 kati yao wamo katika daraja za kati na kali. Wengi wa hao hawajijui.

Linalotukia kooni

Njia ya hewa ipitayo nyuma ya kinywa ina ila moja ya maumbile, nayo ni kwamba haina mfupa wala gegedu ya kuizunguka na kuishikilia, kama ilivyo kwa bomba la pumzi lililo chini yake. Imesimamishwa na misuli tu, na misuli, mtu aingiapo usingizini, hulegea. Akilala chali, ulimi, ambao mzizi wake umefungwa nyuma ya kidevu, huteleza kuelekea koo. Kaakaa laini huanguka nyuma. Na pale palipokuwa na upana wa kutosha hubaki mwanya. Hewa ipitayo katika mwanya huenda kwa kasi, ikatikisa kaakaa na kilimi kama upepo utikisavyo tanga lililolegezwa demani, na huo ndio mkoromo.

Mwanya ukizibika kabisa, mambo hubadilika. Aliye macho kando ya kitanda husikia mkoromo ukipanda, kisha ukakatwa ghafula. Akitazama ataona kifua na tumbo vikishindana, kimoja kikiinuka na kingine kikizama, lakini mbele ya pua hakuna hewa itokayo wala iingiayo. Hupita sekunde kumi, ishirini, pengine arubaini. Ndipo mwili wote hushtuka, koo hufunguka kwa kishindo, na mlalaji huvuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji; halafu hugeuka ubavu, mkoromo ukaanza upya, na asubuhi hakumbuki lolote. Huku ndiko matabibu wanakokuita apnea ya usingizini, nasi hapa tutakuita kukatika pumzi. Kila mkatiko wa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa, pamoja na nyakati ambazo hewa haikukatika bali ilipungua mno. Mikatiko ikifika 5 kwa saa ni ugonjwa hafifu, kuanzia 15 ni wa kati, na kuanzia 30 ni mkali. Mgonjwa mkali, basi, huamshwa na mwili wake kila baada ya dakika mbili au chini ya hapo, usiku kucha, miaka nenda miaka rudi. Matokeo yake ni kusinzia mchana, hata kwenye usukani. Shinikizo la damu lisilotii vidonge. Na moyo uliofanyizwa kazi wakati wa mapumziko yake.

Sababu ni nyingi na huchangamana: unene, hasa wa shingo, umri, jinsia, maana wanaume hupatwa zaidi hadi wanawake wafikapo kukoma hedhi, pombe na dawa za usingizi, mafindofindo makubwa, ambayo kwa watoto ndiyo sababu ya kwanza, na umbo la uso wenyewe, yaani taya la chini lililo dogo au lililorudi nyuma. Sababu hii ya mwisho ndiyo iwashangazayo watu wanaodhani kwamba maradhi haya ni ya wanene peke yao, na ndiyo pia iliyomfungulia mlango daktari wa meno.

Jambo moja linalopasa kushikwa toka hapa, kwa kuwa mzozo mzima unalizunguka, ni kwamba mkoromo na kukatika pumzi si kitu kimoja. Yuko anayekoroma hadi majirani wakasikia na pumzi yake isikatike hata mara moja; na yuko asiyepiga kelele kubwa, lakini hukatika mara arubaini kwa saa. Sikio halitoshi kuwapambanua. Aidha ipo namna nyingine ya kukatika pumzi ambayo koo halina hatia nayo, bali ubongo wenyewe huacha kuamrisha pumzi. Na huko hata taya lisogezwe kwa kadiri gani, haisaidii kitu.

Nani alitangulia

Wale wanaomwona daktari wa meno kuwa mgeni aliyeingia karamu bila mwaliko wamesahau historia. Mwaka 1902, mjini Paris, tabibu wa kinywa Pierre Robin alieleza kifaa alichokibuni, kipande kimoja kishikacho meno ya juu na ya chini pamoja, cha kulileta taya mbele. Na baadaye akaandika kwa kirefu juu ya watoto wachanga wenye videvu vidogo ambao ndimi zao huanguka nyuma zikawaziba pumzi, hali ambayo hata leo inaitwa kwa jina lake. Wakati huo maradhi yenyewe ya kukatika pumzi kwa watu wazima hayakuwa na jina katika vitabu vya tiba. Mtunzi Charles Dickens alikuwa amemchora Joe, kijana mnene asinziaye hata akiwa amesimama, katika hadithi ya Pickwick iliyoanza kutoka 1836, na matabibu wa Marekani mwaka 1956 walipotaka jina la hali iliyofanana na hiyo waliliazima humo. Lakini ilikuwa hadi mwaka 1965 ndipo watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani, kila kundi mbali na lenziwe, walipowapima walalaji na kugundua kwamba pumzi zao zilikuwa zikikatika.

Tiba ya kwanza iliyofaa ilikuwa ya kutisha: kutoboa tundu mbele ya shingo ili hewa ipite chini ya mahali palipoziba. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake huko Sydney walichapisha habari za njia nyingine, ya kupuliza hewa puani kwa nguvu ya kiasi ili iishikilie njia isianguke. Na mwaka uliofuata Rosalind Cartwright na mwenziwe huko Chicago wakaeleza kifaa cha kinywani kinachoushika ulimi mbele kwa mvuto. Kwa hiyo mashine na kifaa cha kinywa ni mapacha, walioachana mwaka mmoja. Mashine ndiyo iliyokua na kutukuka, kifaa kikabaki nyuma, na sababu haikuwa ya uganga peke yake: mashine ilikuja na namba zake za kuonyesha, na hospitali hupenda kitu chenye namba.

Hoja ya wenye mashine

Nguvu ya mashine ni yakini yake. Barakoa ikiwa imekaa sawa na shinikizo limepimwa, mikatiko ya mgonjwa mkali hushuka karibu na sifuri usiku ule ule wa kwanza, bila kujali umbo la taya, idadi ya meno, wala unene. Hakuna kifaa cha kinywani kinachoweza kuahidi hivyo, na kwa mtu ambaye oksijeni yake hushuka vibaya usiku, au dereva anayesinzia njiani, yakini hiyo haina mbadala wa kufaa.

Udhaifu wake uko kwa binadamu anayeivaa. Barakoa huchubua pua, hewa hukausha koo, bomba hujipindua na kumfunga mlalaji kama kamba, na wengine hushikwa na kiwewe cha kufungwa uso. Katika utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliotangazwa mwaka 2016 na uliohusisha wagonjwa 2,717 wenye maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo, wastani wa kuivaa mashine ulikuwa saa 3.3 kwa usiku. Na mashine, kwa kiasi hicho cha matumizi, haikuonyesha kupunguza kiharusi wala mishtuko ya moyo, ijapokuwa ilipunguza mkoromo na kusinzia mchana. Wenye kuitetea husema kwamba dawa isiyonywewa haiwezi kulaumiwa. Ni kweli, lakini dawa ambayo watu wengi hawawezi kuinywa ina kasoro, hata kama kasoro haimo ndani ya chupa.

Kwetu Afrika Mashariki yanaongezeka mengine. Mashine hutaka umeme wa usiku kucha, na umeme hukatika. Kinyunyizi chake hutaka maji yaliyotoneshwa. Bomba lake hupita chini ya chandarua, na upindo wa chandarua ukiinuliwa kidogo mbu hawahitaji mwaliko. Bei yake, kwa mtu alipaye kutoka mfukoni, ni mzigo, na baada ya bei huja barakoa za kubadilisha.

Hoja ya matabibu wa meno

Kifaa cha kusogeza taya ni vibao viwili vya plastiki ngumu, kimoja cha meno ya juu na kimoja cha chini, vilivyounganishwa namna ambayo taya la chini haliwezi kurudi nyuma. Tabibu huchukua alama ya meno kwa udongo laini au kwa kamera ndogo ya kinywani, kisha humwambia mgonjwa alitokeze taya lake la chini mbele kadiri awezavyo. Hupima umbali huo kwa milimita, na kuanzia katika nusu yake au zaidi kidogo. Fundi akishakitengeneza, mgonjwa hupewa ufunguo mdogo kama sindano nene, na kila baada ya siku kadhaa huzungusha parafujo robo duru, taya likaja mbele kwa sehemu ya milimita, hadi mkoromo ukome au kiungo cha taya kianze kulalamika. Taya likija mbele huuvuta ulimi, na ulimi huvutana na kuta za koo, hivyo njia hupanuka, tena hupanuka zaidi kwa upande kuliko kwa mbele, jambo ambalo wabunifu wa awali hawakulitazamia.

Hoja yao kuu ni ya hesabu. Tuchukue mgonjwa anayekatika mara 30 kwa saa na kulala saa 7. Mashine inamshusha hadi mara 3 kwa saa, lakini anaivua baada ya saa 4: usiku wake utakuwa na mikatiko 12 ya mashine na 90 ya saa tatu zilizobaki, jumla 102. Kifaa cha kinywa kinamshusha hadi 12 tu, lakini halali bila kukivaa: jumla ni 84. Hesabu hii ni mfano, wala si ushahidi. Ila ushahidi haukwenda mbali nayo. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya wagonjwa 126 wa daraja za kati na kali, waliotumia tiba zote mbili kwa zamu, mwezi mmoja kila moja. Mashine iliwaacha na wastani wa mikatiko 4.5 kwa saa, kifaa kikawaacha na 11.1, lakini wagonjwa walisema walikivaa kifaa saa 6.5 kwa usiku, na mashine saa 5.2, na mwisho wake shinikizo la damu, usingizi wa mchana na uendeshaji wa gari havikupambanuka kwa namna ya kuipa mashine ushindi. Fauka ya hayo, saa zile za mwisho wa usiku, ambazo aghalabu mashine imeshavuliwa, ndizo zenye usingizi wa ndoto kwa wingi, nao ndio wakati misuli inapolegea kupita kiasi.

Hata hivyo insafu inataka kusemwa mawili. La kwanza, saa hizo zilitokana na maneno ya wagonjwa wenyewe, na mtu hupenda kumfurahisha tabibu wake. La pili, wastani huficha watu: kama theluthi ya wanaotumia vifaa hivi hawapati nafuu ya maana, na kabla ya kujaribu ni vigumu kumjua ni nani. Dalili njema ni ugonjwa usio mkali, mwili usio mnene sana, na mikatiko inayozidi mtu alalapo chali. Lakini dalili hizo hukosea.

Ila za kifaa, na meno yasiyokuwapo

Madhara ya mwanzo ni mepesi: mate kububujika au kinywa kukauka, meno kuuma asubuhi, taya kuwa zito hadi chai ya kwanza. Madhara ya miaka ndiyo ya kutafakariwa. Kifaa kinapolivuta taya mbele hujishikiza kwenye meno, na meno, kwa kusukumwa kila usiku, husogea polepole: ya juu ya mbele huinama ndani, ya chini huinama nje, na mgonjwa baada ya miaka hugundua kwamba magego yake hayakutani kama zamani. Hilo aghalabu halirudi. Wapo wasiojali, wakasema meno yaliyopinda kidogo ni bei nafuu ya pumzi. Na wapo waliochukizwa kwa kuwa hakuna aliyewaambia mapema. Kosa hapo si la kifaa, ni la kuficha.

Kuna sharti jingine ambalo kwetu lina uzito kuliko Ulaya. Kifaa hutaka pa kujishikiza: meno manane au kumi imara katika kila taya, na ufizi ulio mzima. Ilhali katika zahanati nyingi za umma za Afrika Mashariki huduma ya meno itolewayo zaidi ni kung'oa, kwa kuwa mgonjwa huja maumivu yakiwa yameshapindukia na kuziba hakuwezekani au hakupatikani. Kwa hiyo mtu afikapo miaka hamsini, umri ambao koo lake limeanza kulegea na kitambi kimetoka, huenda magego ya kukishika kifaa yalikwisha tupwa zamani katika bakuli la zahanati. Kwake yeye hubaki kile cha kuushika ulimi, ambacho wengi hukichoka upesi, au mashine.

Vya dukani, visu na mengineyo

Juu ya vifaa vya kuchemsha na kuuma wataalamu hawajaafikiana. Watafiti wa Ubelgiji mwaka 2008 walikuta kwamba mbele ya kile cha kupimiwa na tabibu havikufua dafu. Utafiti wa Cambridge wa mwaka 2014, wenye wagonjwa 90 wa daraja hafifu na ya kati, ulikuta kwamba hata cha kuchemsha kilipunguza mikatiko, isipokuwa wagonjwa hawakukipenda na walikiacha, na kwamba kile cha bei ya kati, kitengenezwacho kwa alama ambayo mgonjwa amejichukulia mwenyewe nyumbani, ndicho kilichofaa kuanziwa. Katika nchi zenye fedha chache matokeo haya ya pili yanastahili kusikilizwa zaidi ya yanavyosikilizwa.

Upasuaji wa kaakaa, uliopata umaarufu miaka ya 1980, humfaa aliyechaguliwa vizuri na humwumiza mwingine bure. Kwa mtoto aliye na mafindofindo makubwa, kuyatoa huwa ndiyo tiba ya kuanza nayo. Kupunguza uzito husaidia kweli kweli, na mwishoni mwa mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya sindano ya kupunguza mwili, tirzepatide, kwa wanene wenye ugonjwa wa kati na mkali. Hata kupuliza didgeridoo, tarumbeta ndefu ya mti ya wenyeji wa Australia, kulijaribiwa Uswisi mwaka 2006 kwa watu 25 na kukaonyesha nafuu, kwa kuwa hukaza misuli ya koo. Majirani walioepushwa na mkoromo wa usiku hawakuulizwa juu ya mazoezi ya mchana.

Ni nani apime

Hapa ndipo penye mzozo wa kweli, na tuseme wazi kwamba hauhusu plastiki bali mamlaka. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2015 na jumuiya ya matabibu wa usingizi pamoja na ile ya matabibu wa meno washughulikao na usingizi uliweka mpaka: tabibu wa usingizi ndiye atambuaye maradhi na kuandika tiba, daktari wa meno aliyefunzwa hutengeneza kifaa cha kumfaa mgonjwa mmoja mmoja na chenye kusogezwa, na baada ya hapo kipimo kirudiwe. Chama cha madaktari wa meno cha nchi hiyo, mwaka 2017, kilikubali kwamba kazi ya wanachama wake ni kuchunguza dalili na kutibu, utambuzi ukabaki kwa tabibu.

Wapinzani wa mpaka huo hudai kwamba daktari wa meno humwona mtu mara nyingi kuliko tabibu mwingine yeyote, huona kinywani kaakaa lililoteremka na ulimi wenye alama za meno pembeni, na kwamba kumpeleka mgonjwa kwa mtaalamu wa usingizi ambaye hayuko katika mkoa mzima ni sawa na kumnyima tiba. Hoja hii si ya kudharauliwa, hasa kwetu, ambako maabara za usingizi ni za kuhesabika. Lakini vipimo vya kulala navyo nyumbani, mkanda kifuani, kijibomba puani na kibano chenye taa nyekundu kidoleni, vimepunguza nguvu yake. Kinachohitajika ni mtu wa kuvisoma, na huyo anaweza kuwa mbali. Anayependekeza kifaa bila kipimo chochote hana udhuru wa umbali tena.

Mizani

Nikiviweka vyote katika mizani, naona kwamba swali la kifaa kipi ni bora limeulizwa mno, ilhali swali la nani amepimwa halikuulizwa vya kutosha. Kwa akoromaye ambaye kipimo kimeonyesha kwamba pumzi yake haikatiki, kifaa cha kinywa ni tiba ya haki na ya kutangulia. Kwa mwenye ugonjwa hafifu au wa kati, mwenye meno, mgonjwa achague kati ya kifaa na mashine akiwa ameelezwa habari za kusogea kwa meno na za barakoa kwa uzito ule ule. Kwa mgonjwa mkali, mashine ianze. Lakini akiishindwa kwa miezi, kumwacha bila kitu kwa sababu kifaa hakikamilishi ni ukaidi wa kitabibu. Na kwa dereva anayesinzia, chochote kitakachochaguliwa kisingoje.

Hatari iliyo mahususi kwa tiba ya kinywa ni ile ile inayoifanya ipendwe. Kifaa hunyamazisha. Mkoromo hukoma katika juma la kwanza, hata pale ambapo mikatiko imepungua kutoka 40 hadi 25 tu, na kelele ile iliyokuwa ikimwamsha mke na kumfanya amtikise mumewe bega imeondoka. Ndiyo maana kipimo cha pili, mgonjwa akiwa amelala na kifaa kinywani na mkanda kifuani, kina thamani kuliko cha kwanza. Nacho ndicho huachwa, kwa kuwa nyumba sasa imetulia, mke analala, na hakuna tena anayeona sababu ya kulipia usiku mwingine wa kuhesabiwa pumzi.